Sindano za homoni ya ukuaji: vidole vina ganzi na sukari inapanda, je, niendelee?

SWALI: Habari daktari. Nina miaka 57, uzito kilo 82, naishi Dar es Salaam. Mwalimu wangu wa mazoezi ameniuzia vichupa 20 vya homoni ya ukuaji, kila kimoja uniti 10. Anasema itaondoa kitambi, itarudisha misuli na kuchelewesha uzee. Kabla ya kuanza nilipima IGF-1 (kipimo cha damu kinachoakisi homoni ya ukuaji) ikawa 112 (nanogramu kwa mililita), akaniambia iko chini, kwa sababu vijana huwa na zaidi ya 200. Nimejichoma uniti 4 kila usiku kwa wiki 3. Kitambi kimepungua kidogo, lakini pete haitoki kidoleni, na usiku naamka vidole vina ganzi. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa 5.4 (milimoli kwa lita), sasa ni 6.4. Nipunguze dozi, au nivumilie mwili uzoee? Mke wangu, miaka 44, naye anataka kuanza kwa sababu anachoka sana. Hajawa sawa tangu uzazi wa mwisho miaka 9 iliyopita, alipotoka damu nyingi hadi akaongezewa.

JIBU: Ndugu msomaji, acha sindano leo. Hakuna haja ya kushusha dozi pole pole. Homoni hii hutoka kwenye tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na yenye ukubwa wa punje ya njegere. Tezi ikiwa nzima, hurudia kazi yake ndani ya siku chache. Kuhusu mkeo, asichome hata sindano moja kabla hujasoma sehemu ya mwisho ya jibu hili.

Nianze na dozi, maana ndiyo inayoeleza ganzi yako. Miligramu 1 ya homoni hii ni uniti 3, kwa hiyo uniti 4 ni takriban miligramu 1.3 kwa siku. Mtu wa rika lako ambaye tezi yake imekufa kweli, tuseme baada ya upasuaji wa uvimbe, huanzishiwa miligramu 0.2 hadi 0.3. Akishapita miaka 60 huanzishiwa 0.1 hadi 0.2, kisha huongezwa kidogo kidogo kila baada ya mwezi au miezi miwili kwa kufuata IGF-1. Wewe umeanza na mara nne hadi karibu saba ya dozi ya rika lako, na tezi yako bado inafanya kazi.

Homoni hii huifanya figo izuie chumvi na maji. Maji hayo ndiyo yanayobana pete, na ndiyo yanayokandamiza neva inayopita kwenye njia nyembamba ya kifundo cha mkono. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati inayokuamsha usiku ni dalili yake ya kawaida kabisa. Mwili hauzoei hali hiyo kwa kuongezewa kinachoisababisha.

Sukari nayo ina sababu yake. Homoni ya ukuaji huyeyusha mafuta, na hiyo ndiyo sifa inayomuuzia mwalimu wako bidhaa. Lakini mafuta yaliyoyeyushwa huingia kwenye damu, misuli ikayachoma hayo badala ya sukari, na insulini ikapungua nguvu. Kitambi kinachopungua na sukari inayopanda vinatoka kwenye tendo moja, huwezi kununua kimoja ukakikataa kingine. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, 6.1 hadi 6.9 kabla ya kula ni sukari iliyovuka mpaka wa kawaida, na 7.0 au zaidi, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili, ni kisukari. Rudia kipimo wiki 3 hadi 4 baada ya kuacha. Usitegemee HbA1c (kipimo cha sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu) peke yake kwa sasa, kwani inaonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu na haijawahi kuona vizuri wiki zako 3. Tena mtu mwenye upungufu wa damu au selimundu inaweza kumdanganya.

Sasa hiyo IGF-1 ya 112. IGF-1 hutengenezwa hasa na ini kwa amri ya homoni ya ukuaji, na hushuka kwa kila mtu kadiri umri unavyosogea. Jibu lake husomwa kwa viwango vya rika la mpimwaji. Kwa mtu wa miaka 57, 112 ni ya kawaida. Kukulinganisha na kijana wa miaka 22 ni njia rahisi ya kumfanya kila mtu mzima aonekane mgonjwa. Kupima homoni yenyewe mara moja kwenye damu nako hakusaidii, kwa sababu hutoka kwa mafungu, zaidi usiku katika usingizi mzito, na mchana mtu mwenye afya anaweza kuonekana kana kwamba hana kitu. Upungufu wa kweli huthibitishwa kwa kipimo cha kuichokoza tezi, kwa insulini au glukagoni, hospitalini chini ya uangalizi.

Ahadi aliyokupa mwalimu haikuzuka hewani. Mwaka 1990 mtafiti Daniel Rudman na wenzake walichapisha katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine utafiti wa wanaume 21 wenye miaka 61 hadi 81. Kumi na wawili kati yao walichomwa homoni hii mara tatu kwa wiki kwa miezi 6. Uzito wa mwili usio mafuta uliongezeka kwa asilimia 8.8, na mafuta yakapungua kwa asilimia 14.4. Biashara nzima ya sindano za kuzuia uzee ilijengwa juu ya namba hizo. Ila utafiti huo haukuonyesha kwamba wazee wale walipata nguvu zaidi. Mwaka 1996 watafiti wengine waliwachukua wanaume 52 wenye miaka 70 na kuendelea, wenye afya, wakawapa baadhi homoni na wengine sindano isiyo na dawa kwa miezi 6. Mwili ulibadilika vilevile, lakini nguvu za misuli na uwezo wa kufanya shughuli havikuongezeka. Mapitio ya tafiti mbalimbali yaliyotoka mwaka 2007 yalikuta wastani wa kilo 2 hivi za mafuta kupungua na kilo 2 hivi za uzito usio mafuta kuongezeka. Na kumbuka, mashine inayopima mwili huhesabu maji kama uzito usio mafuta. Kwa maoni yangu hapa ndipo watu wanapodhulumiwa zaidi: kioo kinasema wamepata misuli, lakini ngazi wanazipanda kwa shida ileile.

Na je, inaongeza umri? Hakuna utafiti wa binadamu uliowahi kuonyesha hivyo, na dalili tulizonazo zinaelekea upande wa pili. Panya wa maabara wasio na kipokezi cha homoni hii huishi muda mrefu kuliko wenzao, na waliotengenezwa wawe nayo kupita kiasi hufa mapema. Kusini mwa Ecuador kuna jamii yenye watu wa kimo kifupi sana kwa sababu ya ugonjwa wa Laron, ambao miili yao haiitikii homoni ya ukuaji. Kisukari hakikuonekana kwao na saratani ilikuwa nadra mno, ingawa walikufa kwa sababu nyingine kama watu wengine. Wenye akromegali, ambao tezi zao humwaga homoni hii kupita kiasi, hupata kisukari, shinikizo la damu, moyo kutanuka na vinyama kwenye utumbo mpana. Kwa hiyo mwenye saratani hai, au kisukari kilichoharibu retina ya jicho, hapewi kabisa.

Kuna pia suala la kichupa chenyewe. Homoni hii ni protini ya asidi amino 191. Kwa kawaida hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, haigandishwi, na ikishachanganywa haitikiswi. Ikikaa kwenye buti ya gari saa sita mchana wa Dar, huwezi kujua umebakiwa na nini. Vichupa bandia vimewahi kukutwa na insulini ndani, na hiyo inaweza kukuangusha ukiwa usingizini. Kosa jingine liko kwenye bomba la sindano la insulini: namba zake ni uniti za insulini, 100 kwa mililita 1. Mwenye kichupa cha uniti 10 kilichochanganywa na mililita 1 akivuta hadi alama ya 10, amepata uniti 1 tu ya homoni. Akibadilisha kiasi cha maji, hesabu yote inabadilika. Dawa za kupuliza mdomoni wala usizinunue, maana protini kubwa hivi haipenyi pale, na ikimezwa tumbo huimeng'enya kama nyama.

Ganzi ikiendelea wiki 4 baada ya kuacha, au kidole gumba kikikosa nguvu, mwone daktari. Ukipata maumivu makali ya kichwa yanayoambatana na kuona ukungu, nenda siku hiyohiyo, kwa sababu shinikizo ndani ya fuvu linaweza kuwa limepanda. Kwa misuli, nyanyua vitu vizito mara 2 hadi 3 kwa wiki na kula protini gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo, yaani kama gramu 82 hadi 98 kwako, ikiwa figo ni nzima. Yai moja lina gramu 6 hivi, na kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15.

Sasa mkeo, ambaye kwa kweli ananipa wasiwasi kuliko wewe. Mwanamke anapotoka damu nyingi wakati wa kujifungua, pituitari inaweza kukosa damu na kufa, yote au sehemu yake. Huitwa ugonjwa wa Sheehan, na mara nyingi hugunduliwa baada ya miaka mingi. Muulize: maziwa yalikosa kutoka baada ya uzazi ule? Hedhi ilikosa kurudi? Nywele za kwapani zimepungua? Anahisi baridi wenzake wakiona joto, au kizunguzungu akisimama?

Hata kama jibu ni ndiyo kwa moja tu, apimwe kortisoli (homoni inayousaidia mwili kustahimili ugonjwa na mshtuko) saa 2 asubuhi, TSH (amri ya pituitari kwa tezi ya thairoidi) pamoja na T4 huru (homoni ya thairoidi yenyewe), prolaktini (homoni ya maziwa) na sodiamu. TSH peke yake haitoshi, kwa sababu katika ugonjwa huu inaweza kusomeka ya kawaida wakati T4 iko chini. Kortisoli chini ya takriban 80 nanomoli kwa lita inaonyesha upungufu, zaidi ya takriban 400 kwa kawaida inaonyesha kwamba haupo, na ya katikati inahitaji kipimo cha kuchokoza.

Mpangilio wa matibabu hauvurugwi: kwanza kortisoli, baadaye homoni ya thairoidi, na ya ukuaji ndiyo ya mwisho, ikihitajika. Sindano yako inaweza kupunguza kortisoli kidogo aliyobaki nayo, na dawa ya thairoidi ikitangulia inaweza kumwangusha kabisa. Akianza kutapika, kuishiwa nguvu au kuzimia, mpeleke hospitali saa hiyohiyo na uwaambie wazi kwamba alitoka damu nyingi kwenye uzazi.