Fundi Anajibu: Mwongozo umo humo humo kwenye kompyuta yako

SWALI: Fundi, salaam. Nafundisha sekondari huku Pongwe, Tanga. Kompyuta ya maktaba yetu ina Debian, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, nami nimeiongezea Apache, programu ya seva ya kurusha kurasa za tovuti, ili wanafunzi wasome notisi zangu kwa simu kupitia waifai ya shule, pasipo bando. Notisi nimeziweka /srv/notisi. Maelezo niliyoyakuta mtandaoni yanataka nifungue faili la mipangilio la httpd.conf, na faili hilo silioni. Nimeandika mistari yao penginepo, lakini simu bado zinasema hairuhusiwi. Bando ninalotafutia majibu ni la mfukoni mwangu. Maelezo ya hizi programu za kuongeza hupatikana wapi?
Mwalimu, Pongwe

JIBU: Mwalimu, aleika salaam. Kazi uliyoianza ina heri nyingi, na ningependa wanafunzi wako waifaidi muhula huu huu. Basi usinunue bando jingine kwa ajili ya swali hili. Ulipoipakua Apache, maelezo yake yalishuka nayo.

Fungua dirisha la amri (terminal), andika ls /usr/share/doc/apache2 uone. Kila pakeji, yaani programu iliyofungashwa pamoja na mafaili yake, unayoiweka kwa apt, amri ya Debian ya kuongeza programu, ina folda yake ndani ya /usr/share/doc, kwa sababu kanuni za Debian zinalazimisha walau faili la hakimiliki likae hapo. Folda nyingine zina hilo tu na orodha ya mabadiliko. Ya Apache ina faili la thamani kubwa, README.Debian.gz. Limebanwa, kwa hiyo lifungue kwa zless badala ya less.

Hilo ndilo ninalowasihi wasomaji wote walisome kabla ya kugusa chochote, maana halikuandikwa na waliotunga Apache. Limeandikwa na wale walioifungasha kwa ajili ya Debian, wakieleza walichokibadilisha. Ndimo utakamoona kuwa faili kuu la mipangilio hapa linaitwa apache2.conf, liko /etc/apache2, na kwamba kila tovuti ina faili lake ndani ya sites-available, linalowashwa kwa amri ya a2ensite. Maelezo ya mtandaoni yanaweza kuwa sahihi kabisa kwa mfumo mwingine, yakakupoteza wewe.

Sasa hilo la kukatazwa. Fungua apache2.conf usome maandishi yanayoanza na alama ya #. Yanasema wazi kwamba seva hairuhusu kusoma nje ya /usr/share na /var/www, na kwamba mwenye vitu vyake /srv ni lazima aruhusu mwenyewe. Hata mistari ya kuruhusu /srv imeshaandikwa hapo chini. Ondoa # zilizoitangulia, kisha andika sudo systemctl reload apache2 ili Apache isome mipangilio upya. Mstari unaofungua mlango ni Require all granted. Ukiona maelezo yanayokuambia Allow from all, ni ya enzi za toleo la 2.2, utaratibu ulibadilika toleo la 2.4 lilipotoka mwaka 2012. Ndiyo maana nayaamini zaidi maelezo yaliyokuja na pakeji: yanalingana na toleo lililomo kwenye mashine yako.

Kwa amri mojamoja, tumia man, amri inayofungua mwongozo wa amri nyingine. Andika man a2ensite. Usipolijua jina, apropos ikifuatiwa na neno la Kiingereza la jambo unalolitafuta itakupa orodha. Na dpkg -L apache2 inaonyesha kila faili lililoletwa na pakeji hiyo. Mimi huanzia hapo kwa programu yoyote nisiyoifahamu.

Mwongozo mzima wa Apache wenyewe uko kwenye pakeji ya pembeni, apache2-doc. Programu zenye maelezo marefu mara nyingi hutengwa hivyo, kwa jina linaloishia na -doc. Ukipata mtu mjini, tuseme Ngamiani au Chumbageni, mwenye intaneti na toleo lile lile la Debian, akupakulie kwa apt download apache2-doc, uichukue kwa flashi.

Linaloniuma ni kwamba maelezo haya hayaji kwa Kiswahili. Mambo yakikunyookea, tafadhali andika ukurasa mmoja wa Kiswahili, hatua kwa hatua ulivyofanya, uuweke humo humo kwenye notisi. Mwalimu atakayekabidhiwa maktaba hiyo baada yako ataushukuru.

Seva ikiendelea kukataa, soma mistari ya mwisho ya faili la kumbukumbu za makosa, /var/log/apache2/error.log. Ukikuta namba ya kosa AH01630, bado ni ruhusa za ndani ya Apache, kwa hiyo rudi kwenye apache2.conf. Ukikuta AH00035, Apache haina kosa. Ni ruhusa za folda yenyewe, na sudo chmod o+rx /srv/notisi itakutosha. Ikija namba tofauti na hizo, niandikie na mstari wake mzima.