Maswali na majibu: Pasi ya Ulaya sio ufunguo malaya

Inboksi imejaa tena, na nusu ya meseji zinaanza vile vile, "mimi nina pasi ya Ulaya", yaani mtu hajasema anaenda wapi, anapitia wapi, atakaa siku ngapi. Ni kama kuingia zahanati unamwambia daktari "nina bima" halafu unanyamaza. Na hakuna kitu kinaitwa pasi ya Ulaya jamani. Kuna ya Ureno, kuna ya Bulgaria, na Mreno anaenda kutembea Marekani kwa kujaza fomu mtandaoni wakati Mbulgaria anapanga foleni ubalozini kuomba viza, na vitabu vyote viwili vimeandikwa Umoja wa Ulaya juu. Haya, twende.

Nimepata uraia wa Uholanzi mwaka huu. Nahitaji viza kwenda Dar? (Rotterdam)

Ndiyo. Hili nimeshalijibu mpaka vidole vimechoka. Dola 50, kuingia mara moja, unaomba kwenye tovuti ya Uhamiaji inayoishia na go.tz. Zisome hizo herufi za mwisho kabla hujatoa kadi ya benki, maana kuna tovuti zimejipamba na bendera na twiga na Mlima Kilimanjaro zinakukata mara mbili kwa fomu ile ile, na wengine hata fomu hawaipeleki. Pasi iwe na miezi sita mbele.

Pasi yangu ya zamani ya Tanzania haijaisha muda. Nikitoka Stockholm naonyesha ya Sweden, nikifika Dar naonyesha ya Bongo. Kuna shida? (Sweden)

Kaka, shida ipo na wewe unaijua, ndio maana umeniandikia pembeni.

Sweden wamekubali uraia wa nchi mbili tangu 2001, sawa, hiyo ni habari ya Sweden. Sheria yetu ya Uraia ya 1995 inasema mtu mzima akienda mwenyewe akaomba uraia wa nchi nyingine akapewa, wa Tanzania umekwisha siku hiyo hiyo, hausubiri kitabu kiishe muda. Kwa hiyo hicho ulichoficha chini ya godoro sio pasi tena, ni kumbukumbu. Ukikitumia unasafiri na hati ambayo sio yako.

Vishoka watakwambia "poa tu mzee, mimi nimepita mara nne". Kupita kweli unaweza kupita, kuingia sio kazi. Kazi ni siku ya kurudi. Unafika kaunta ya ndege pale Dar na kitabu cha Bongo, dada anakifungua anatafuta viza au kibali cha kukaa Sweden, hakuna, anakuuliza unaendaje huko, basi unachomoa cha Sweden kimya kimya, anakupa boding pasi. Hatua ishirini mbele kuna ofisa wa Uhamiaji anakifungua hicho cha Sweden anatafuta muhuri wa kuingia, nao haupo, upo kwenye kile kingine ambacho sasa hivi unakibana mfukoni na jasho linakutoka kama umekula pilipili. Ndugu zako wako nje bado wanapunga mkono. Yote hayo kukwepa dola 50, na boksi tunabeba wote, najua dola 50 ni masaa mangapi.

Mimi mwenyewe inaniuma, nalipa viza kwenda kusafisha kaburi la mama yangu. Na hiyo hadhi maalum ya diaspora mnayonitumia kila siku kwenye meseji za kufowadiwa, someni vizuri jina lake, ni hadhi, sio uraia, na haikurudishii pasi ya zamani. Kama mnataka uraia pacha wasumbueni wabunge, msimsumbue ofisa wa zamu.

Mimi ni Mkenya, nina pasi ya Ujerumani. Kila nikienda kwa mamangu Mombasa nilipie eTA, ile ruhusa ya mtandaoni ya kuingia Kenya? (Köln)

Nyinyi majirani katiba ya 2010 iliwamalizia hilo. Kama uraia wa Kenya bado unao, fanya upya pasi yako ya Kenya uingie nayo, hakuna eTA wala nini. Swali langu kwako, Ujerumani uliipata lini? Maana Wajerumani waliruhusu uraia zaidi ya mmoja kuanzia 27 Juni 2024, kabla ya hapo wengi wenu mlisaini karatasi ya kuukana wa Kenya kwanza. Kama na wewe ulisaini, kwa Kenya wewe ni mgeni mpaka uombe kurudishiwa, na kwa aliyezaliwa Mkenya inawezekana, unaomba tu.

Wakati unasubiri lipa eTA, dola 30, siku tatu kabla angalau, lakini mimi nasema wiki mbili. Ilitangazwa kwamba kuanzia Januari 2024 viza imefutwa kwa dunia nzima, watu wakashangilia, halafu wakafungua tovuti wakakuta sehemu ya kulipa.

Pasi yangu ya Uingereza inaisha mwakani. Nakwenda Ufaransa wiki ijayo, nipo sawa si ndio? (Leicester)

Nilikuwa nakusubiri wewe.

Juni 2024 nilimsindikiza shemeji yangu eapoti alfajiri, anaenda harusini Copenhagen. Begi moja limejaa kanga na vitenge vya bibi harusi, lingine sambusa zimegandishwa zimefungwa gazeti. Pasi yake ilitolewa 14 Mei 2014, inaisha 14 Februari 2025. Dada wa kaunta akaifungua, akaweka kidole kwenye tarehe ya kuisha, akapeleka kidole juu kwenye tarehe ya kutolewa, akahesabu midomo inacheza, halafu akaita mwenzake. Nikajua tumekwisha. Shemeji anasema "dada, mbona bado miezi minane?" Na ni kweli bado miezi minane. Ila nchi za Schengen, zile za Ulaya ambazo ukishaingia moja unavuka nyingine bila kukaguliwa pasi, kwa mtu wa pasi ya nje ya Umoja wa Ulaya, na Mwingereza tangu Brexit ndio huyo, zinataka pasi iwe haijatimiza miaka 10 tangu itolewe siku unayoingia, pamoja na miezi mitatu mbele baada ya siku ya kutoka. Ni masharti mawili, sio moja. Zamani ukifanya upya pasi ya Uingereza mapema walikuwa wanakuongezea mpaka miezi tisa iliyobaki kwenye ile ya zamani, waliacha Septemba 2018, kwa hiyo bado kuna vitabu vinatembea vyenye miaka kumi na miezi tisa. Cha shemeji siku ile kilikuwa kimeshatimiza miaka kumi na wiki chache tangu kitolewe. Hakupanda. Sambusa tulizila sisi, na harusi aliiona kwenye simu.

Kwa hiyo usiniulize inaisha lini. Niambie ilitolewa lini.

Na ninyi mnaokwenda kukaa kwa watoto Uholanzi miezi na miezi, siku ni 90 ndani ya kila siku 180, nchi zote za Schengen zinajumlishwa, kuvuka kwenda Ubelgiji kunywa chai hakufuti hesabu. Zamani mlitegemea stempu iliyofutika wino, sasa tangu 12 Oktoba 2025 wameanza mfumo wa alama za vidole na picha, mashine ndio inahesabu na mashine haina huruma ya bibi kuja kulea mjukuu.

Mimi Mkongo wa Brussels, pasi ya Ubelgiji. Tunapanda treni kwenda London kwenye matanga, kitambulisho kinatosha? (Ubelgiji)

Pole na msiba. Hakitoshi tangu 1 Oktoba 2021, beba pasi. Na tangu 2 Aprili 2025 unatakiwa uwe na ile ruhusa yao ya mtandaoni inaitwa ETA, ilianza pauni 10 na ndani ya mwezi huo huo wakaipandisha hadi 16, angalia bei ya siku unayolipa. Unaomba kwa simu, inadumu miaka miwili au mpaka pasi iishe, na kila mtu ya kwake, hata mtoto wa mgongoni. Kwenye matanga watu huwa wanakumbuka hili wakiwa stesheni.

Nina kibali cha kuishi Ufaransa miaka kumi. Naingia Uingereza bila viza? (Lyon)

Hapana. Kibali sio pasi. Unasafiri na pasi ya kwenu, unaomba viza kama mtu wa kwenu.

Shangazi yupo Muscat, nina pasi ya Denmark, nataka nikae naye mwezi mzima. (Aarhus)

Bila viza Oman wanakupa siku 14 tu, na uwe na tiketi ya kurudi, bima ya afya na mahali pa kufikia. Mwezi mzima omba viza ya mtandaoni ya siku 30 kabla hujaondoka. Najua kule kwa wengi wetu ni kama nyumbani, unashuka eapoti unasikia Kiswahili cha Unguja kuliko hata Unguja yenyewe, ila usichanganye. Kiswahili hakihesabiwi kwenye kompyuta ya pale mlangoni.

Nina pasi ya Finland. 2018 nilienda Mogadishu kwenye harusi ya binamu. Rafiki ananishauri nikijaza ESTA, ile fomu ya mtandaoni ya kwenda Marekani bila viza, nisiseme. (Helsinki)

Huyo rafiki atakusindikiza ukirudishwa?

Dada sikiliza. Marekani wana orodha, ukiwa umekanyaga Somalia, Yemen, Libya, Sudan, Syria, Iraq au Iran tangu 1 Machi 2011, ESTA sio yako, hata kama ulienda kuzika, hata kama ulienda siku mbili. Sio kwamba umekatazwa Marekani. Umeambiwa upite mlango mwingine, uombe viza ya kawaida ubalozini, uende interviu, useme ukweli na picha za harusi ubebe. Foleni ni ndefu, gharama ni kubwa, nakubali, na mimi naona ni uonevu mtu wa Pwani mwenye babu Hadhramaut kule Yemen kuadhibiwa kwa kwenda kumsalimia babu. Lakini kudanganya kwenye fomu yao ni kosa linalokaa kwenye faili miaka, mpaka siku unataka kwenda kumuona mjukuu Minneapolis ndio linainua kichwa. ESTA yenyewe ilikuwa dola 21, Septemba 2025 wakaipeleka 40, na hiyo hela hawarudishi.

Nina bima yangu nzuri ya Ujerumani, kwanini Zanzibar wanataka ninunue yao? (Berlin)

Kwa sababu wameamua. Tangu 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar ananunua bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44, yako iwe nzuri iwe mbaya. Mimi nimeshabishana sana juu ya hili mpaka mke wangu akaniambia lipa tulale. Lipia mtandaoni kabla ya safari.

Ulichosahau kuuliza ni njia. Ukipitia Nairobi au Addis Ababa ukakaa eapoti zaidi ya masaa 12 unadaiwa cheti cha homa ya manjano ukiingia Tanzania. Wengi mnakata zile tiketi za bei chee zenye kusubiri usiku kucha, halafu mnalaumu "wametuonea". Chanja siku 10 kabla. Kama ulichanjwa miaka ya nyuma usichanje tena, tangu 2016 cheti kinatambulika maisha yote hata kama kimeandikwa miaka kumi. Kitafute tu, najua kipo kwenye ile droo ya chaja za simu zilizokufa.

Viza moja ya Afrika Mashariki ya dola 100, naingilia na Arusha? (Antwerp)

Hapana, hiyo ni Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo.

Mtoto ana miezi minne, nimeambiwa hakuna tena pasi ya watoto Ujerumani, ni kweli? (Hamburg)

Kweli mama, waliiacha 1 Januari 2024. Anachukua pasi ya kawaida kama wewe, na inachukua wiki kadhaa, kwa hiyo kama tiketi ni ya mwezi ujao ungeniandikia juzi. Na viza ya Tanzania anaombewa ya kwake, msimuandike pembeni ya fomu ya baba. Picha iwe mdomo umefunga na macho wazi, mpeleke akiwa ameshiba.