Taarifa si kibali: polisi na mikutano ya vyama

SWALI: Wahariri, shikamooni. Hapa Mtwara mjini chama kimoja kikitaka mkutano wa hadhara hakisumbuliwi. Kingine kinapigiwa simu: "Kuna taarifa za kiintelijensia, ahirisheni." Polisi hawa ni wa nani? Na askari anaruhusiwa kuwa na kadi ya chama?
Msomaji, Chikongola

JIBU: Marahaba. La kadi ni jepesi: Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza askari polisi kujiunga na chama chochote cha siasa. Kura anapiga, kadi hana.

Mitego iko kwenye mkutano. Kwanza acheni kuandika "tunaomba kibali". Sheria ya Vyama vya Siasa inadai taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo, si chini ya saa 48 kabla. Mkutano ukiwa Jumamosi saa 9 alasiri, barua iwe imepokelewa kabla ya Alhamisi saa 9 alasiri. Wapo wanaoipeleka Ijumaa asubuhi, wakizuiwa wanalia upendeleo. Hapo OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) hana kosa.

Pelekeni nakala mbili. Moja inabaki kituoni. Ya pili igongwe muhuri, iandikwe tarehe, saa na jina la aliyepokea. Saa ndiyo husahaulika, nayo ndiyo ushahidi wenyewe. Tajeni mahali, muda wa kuanza na kumaliza, na madhumuni. Maandamano yatajiwe njia, barabara kwa barabara. Barua iliyoishia kwa Mkuu wa Wilaya haihesabiki.

Polisi anaweza kuzuia akiona amani itavunjika. Ila zuio la simu ni maneno matupu, ni vigumu kulikatia rufaa. Siku hiyohiyo mwandikieni: "Kufuatia simu yenu ya saa 4 asubuhi, tunaomba zuio hilo na sababu zake kwa maandishi." Likija, nendeni kwa RPC (kamanda wa polisi wa mkoa), asiyeridhika hukata rufaa kwa Waziri wa Mambo ya Ndani.

Upendeleo, hata hivyo, hauthibitishwi na mkutano mmoja. Fungueni daftari: chama, uwanja, tarehe ya mkutano, jibu la polisi, sababu iliyotolewa. Andikeni na mikutano ya wapinzani wenu, hata ile iliyozuiwa. Uwanja uleule, wiki ileile, "intelijensia" ikigusa upande mmoja tu, hapo mna malalamiko ya kupeleka Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Mkiwa na picha ya askari amevaa kofia ya chama, iambatanisheni na tarehe na mahali ilipopigwa. Bila hivyo itaitwa ya kutengeneza.