Barua kwa mwanangu: mashine ya kusaga na kikohozi chako

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimeshukuru kusikia kuwa hujambo. Umeniuliza iliwezekanaje mimi kusahihisha mitihani ya wanafunzi wangu wa uuguzi pale kibarazani, mashine ya kusaga ikinguruma ng'ambo ya uchochoro, na bado nikakusikia ulipokohoa chumbani. Ilhali wewe, katika ofisi iliyo kimya, humalizi ukurasa mmoja wa hesabu kabla akili haijahama. Unahofu kwamba ubongo wako umeharibika. Haujaharibika, na nitakueleza sababu, kwani katika somo la mfumo wa neva hakuna mada niliyopenda kuifundisha kuliko hii.

Usidhani kwamba mashine ile sikuisikia. Macho yana kope, masikio hayana. Ngurumo iliingia, ikageuzwa kuwa ishara za umeme katika sikio la ndani, ikapanda hadi kwenye thalamasi, sehemu iliyo katikati ya ubongo ambayo hupokea habari za karibu hisi zote kabla hazijafika juu, isipokuwa harufu, ambayo ina njia yake. Thalamasi imezungukwa na tabaka jembamba la chembe za neva ambazo kazi yake ni kuzuia, na mwaka 1984 Francis Crick, mmoja wa waliogundua umbo la DNA, alipendekeza kwamba tabaka hilo ndilo linaloelekeza umakini, kama mtu anavyomulika kurunzi gizani. Anayeamua pa kumulika, kwa sehemu kubwa, ni ubongo wa mbele, nyuma ya paji la uso, ambao hushikilia kusudi la wakati ule, kwa mfano "nasahihisha swali la tatu", na kwa kusudi hilo habari fulani hupewa nguvu na nyingine hufifishwa.

Nimesema hufifishwa, sikusema huzimwa, na hapo ndipo lilipo jibu la kikohozi chako. Mwaka 1953 mtafiti Colin Cherry aliwasikilizisha watu maneno tofauti katika kila sikio, akawataka warudie kwa sauti yale ya sikio moja tu. Ya sikio la pili hawakuweza kuyasimulia, lakini sauti ya mwanamume ilipobadilika kuwa ya mwanamke waligundua. Miaka sita baadaye Neville Moray alipenyeza jina la msikilizaji katika sikio lile lililopuuzwa, na takriban theluthi moja ya watu walilisikia. Mwanasaikolojia Anne Treisman akatoa maelezo ninayoyakubali hadi leo: kichujio hupunguza nguvu ya maneno, ila maneno yenye uzito kwetu huhitaji nguvu kidogo tu ili yatambulike. Kwa mama, kikohozi cha mtoto mwenye pumu kina uzito kama jina lake mwenyewe. Ngurumo isiyobadilika, kwa upande wake, ubongo huizoea ukaacha kuishughulikia. Lakini umeme ulipokatika na mashine ikanyamaza, niliinua kichwa mara moja, jambo linaloonyesha kwamba muda wote ule kuna sehemu yangu iliyokuwa ikiifuatilia.

Hata hivyo usinisifu kupita kiasi. Wewe unakumbuka kikohozi. Mimi nakumbuka masufuria ya maharage yaliyoungua hatua chache kutoka kitini pangu. Anayechuja hulipa kwa kukosa. Daniel Simons na Christopher Chabris walionyesha mwaka 1999 kwamba watu waliopewa kazi ya kuhesabu pasi za mpira kwenye video, karibu nusu yao, hawakumwona mtu aliyevaa vazi la gorila akipita katikati ya wachezaji.

Sasa tuje kwako. Ofisi yako ni kimya, lakini mezani kuna simu, nayo haifanani hata kidogo na mashine ya kusaga, kwa maana haingurumi kwa mfululizo ili uizoee: hulia bila mpangilio, na kila inapolia huenda ni mkuu wako, huenda ni fedha, huenda ni mimi. Umeifundisha akili yako kuupa mlio huo uzito wa jina lako, na kichujio kinatii mafunzo hayo. Tena unaporudi kwenye hesabu akili yako hairudi nzima: mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akiiacha kazi kabla haijaisha, sehemu ya fikra zake hubaki kule alikotoka. Kwa hiyo simu iweke katika chumba kingine kwa saa moja, na ukilazimika kuinuka, kwanza andika kwenye karatasi ulipofikia na hatua inayofuata. Usijilazimishe tu kwa nia, kwani ubongo wa mbele huchoka, hasa usipolala vya kutosha, nami najua saa unazolala.

Ile mashine iliondolewa zamani, siku hizi uchochoro wetu umejaa bodaboda. Nakiri zinanikatiza kusoma kuliko mashine ilivyopata kunikatiza, maana kila moja inayopunguza mwendo karibu na mlango huenda imekuleta wewe.

Ni mimi mama yako.