Vitabu vipya vya hadithi nivipate wapi?

SWALI: Dada habari, niko Masasi, nina binti kidato cha pili na mdogo wake la pili. Huku madukani ni vitabu vya shule na madaftari tu, vya hadithi vipya nianzie wapi? Mama wawili.

JIBU: Mama wawili, salama. Huyo wa la pili ingia tovuti ya African Storybook kwa simu, ni bure, hadithi za Kiswahili zipo kibao na zina picha, zimepangwa kwa hatua kuanzia maneno machache mpaka aya ndefu, unadanlodi, unaprinti pale steshenari, unapiga stepla mtoto ana kitabu chake. Ila soma naye jamani, kabla hujafunua ukurasa muulize unadhani itakuwaje, hapo ndo ananogewa.

Binti sasa, fuatilia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, washindi wa kwanza walitangazwa Aprili 2023, mimi naipenda sana kwa sababu inatuletea riwaya mpya za Kiswahili. Na wachapishaji wa vitabu Mkuki na Nyota wa Dar waulize wana nini kipya, mzigo unapandishwa basi tu. Lakini mwache achague mwenyewe, ukimchagulia vya mawaidha matupu atavitupa uvunguni.