Nguzo za banda la gari: nizichimbie chini au niziweke juu ya chuma?

SWALI: Habari za kazi fundi. Niko Kigamboni, nataka kujenga banda la gari hapa uani, lisimame lenyewe bila kuegemea nyumba, nguzo sita za mbao na bati juu. Fundi niliyempata anasema tuchimbe futi moja na nusu, nguzo tuzipake oili chafu, tumwage zege, imeisha hiyo. Jirani yangu anasema hapana, mbao isiguse ardhi kabisa, niweke viatu vya chuma. Nimsikilize nani? (Mama wa Kigamboni)

JIBU: Salama mama. Jirani yako yuko sahihi zaidi, ila kuna kitu kakiacha na ndo kikubwa kuliko vyote.

Banda lililofungwa kwenye ukuta wa nyumba likitaka kuyumba ukuta unalishika. Lako halina wa kulishika. Kiatu cha chuma, ile pleti yenye bolti mbili, kinazuia nguzo isihame na isinyanyuke, lakini kulala upande hakizuii, pale kwenye bolti inacheza kama bawaba. Kwaiyo ukiweka viatu lazima uweke na mikono ya mshazari, inaanzia kwenye nguzo kama sentimita 70 chini ya boriti inapanda kushika boriti kwa nyuzi 45, na iwepo pande zote mbili, urefu na upana, maana mafundi wengi wanaweka upande mmoja tu alafu banda linayumba upande ule mwingine.

Sasa kuhusu kuchimbia. Mbao haianzi kuoza kule chini kabisa, inaozea pale usawa wa ardhi ambapo maji yapo na hewa ipo. Ukiimwagia zege pembeni na chini umeikalisha kwenye bakuli, mbao ikikauka inasinyaa, inabaki nafasi, masika yakija maji yanaingia hapo na hayatoki, na mchwa nao wanapita hapohapo bila we kuwaona. Oili chafu mama naomba uachane nayo kabisa, inabaki juujuu haizami kwenye mbao, alafu inachafua udongo, na huko kwenu watu wengi wanatumia maji ya visima.

Ukitaka kuchimbia lazima, nunua nguzo zilizotiwa dawa kiwandani, zile za mkaratusi au msindano zenye rangi ya kijani kijani. Kwenye mchanga wenu nenda sentimita 90, futi moja na nusu haitoshi hata kidogo. Chini weka kokoto sentimita 10 hivi nguzo ikae juu ya kokoto, zege lizunguke pembeni tu, na juu lipande kidogo kupita ardhi na liwe na mteremko. Nguzo ikiwa ndefu kata upande wa juu, ule uliokatwa usiuzike, kwasababu dawa inaingia kwenye tabaka la nje tu na ukikata unafungua moyo wa mti ambao hauna kitu.

Mi ningekuwa wewe ningeweka viatu na mikono. Shimo la 40 kwa 40, kina 80, linabeba zege la karibu kilo 300, na uzito huo unauhitaji kweli, maana banda halina kuta, upepo wa kusi unaingia chini ya bati unalisukuma juu. Mchanga utaporomoka wakati wa kuchimba, we mwagia maji au zuia na mbao za pembeni. Changanya moja kwa mbili kwa nne, saruji mchanga kokoto, mifuko mitano ya kilo 50 itatosha nguzo zote sita. Mchanga wa ufukweni usiuguse, chumvi yake inakula chuma. Kiatu kiinue nguzo sentimita 5 juu ya zege, ili vijia vya mchwa vikianza kupanda uvione uvibomoe.

Kabla zege halijamwagwa pima kona kwa kona. Banda la mita 3 kwa 5 mshazari unatakiwa usome mita 5 na sentimita 83 pande zote mbili, zikitofautiana skwea imepotea na bati litakusumbua. Alafu zege limwagilie maji siku 7 ndo upandishe boriti, hata fundi akikwambia kesho tu tunapaua.