Kwa nini Dar inaitwa Bongo

Ndugu uliyeuliza kama Bongo ni jina la kabila fulani, hapana. Ni wingi wa ubongo, yaani akili: ubongo mmoja, bongo nyingi. Watu walisema kuishi Dar bila kuchemsha bongo hutoboi: nauli ya daladala, kodi ya chumba, na anayekuuzia kiwanja cha mtu Mbagala, vyote vinakusubiri. Jina likatoka Dar likameza nchi nzima, ndiyo maana leo hata aliyezaliwa Kigoma anaitwa Mbongo, na muziki wetu ni Bongo Fleva.

Kabla ya hapo palikuwa Mzizima, mpaka Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga mji wake hapa miaka ya 1860 akauita Dar es Salaam.

Na majina ya utani ya miji ya mikoani? Mwanza ni jiji la miamba, ukifika tu ziwani unayaona yale mawe. Ila kwangu hakuna linaloishinda Morogoro, "mji kasoro bahari": milima ya Uluguru ipo, maji yapo, matunda yapo, wamekosa ufukwe tu. Jamaa zangu wa huko wanalitamka kwa majivuno kabisa, utadhani hiyo bahari wameikataa wenyewe.